Mrithi wa Mnana

Jumamosi, katika soko la Kikula, nilikuwa nanunua matete ya uzio. Ndani ya fungu moja kulikuwa na kiota cha mnana. Mwalimu wa biolojia aliyekuwa mbele yangu akakichomoa kwa vidole viwili, akamgeukia mama muuzaji.

"Mama, hii ndeke iko ku ziwa Tshangalele tu. Ni manjano, uso mweusi. Iko na ndugu yake kule Tanzania, wanafanana sana. Ule wa kule hana shida, iko mingi. Huyu wa kwetu, hata wenye kusoma hawajue kama wamebakia ngapi. Na munakata matete yenye anajengea."

Muuzaji aliendelea kukaza kamba, goti juu ya fungu. "Sasa shida iko wapi, mwalimu? Huyu akikufa, ndugu yake atakuja kukamata nafasi. Si njo desturi?"

Huku kwetu mtu akifa, ukoo humsimika ndugu yake arithi jina na nyumba. Mwalimu akakigeuza-geuza kiota mkononi, maana desturi haibishiwi sokoni.

Mama mwenyewe ndiye aliyeachia kamba. "Bwana yangu alikufaka. Tukaita mudogo yake wa Kolwezi, akamate jina." Akakitazama kiota. "Tunamungojea mpaka leo."

Akampigia simu mkataji wake: "Matete yenye nyumba za ndeke, uache."

Tangu hapo matete ni machache kwake, na uzio wangu una pengo. Jirani akiuliza, ninamwambia tunangoja ndugu atoke Tanzania.