Fundi Kinyaa na Nyaya za Lori Langu

Jina lake la kuzaliwa silijui na sijawahi kuuliza. Gereji nzima humwita Fundi Kinyaa, maana neno hilo ndilo linalomtoka kila anapofunua kazi ya fundi mwenzake. Ni mtu mfupi, mkavu, kucha fupi, shati safi kuliko langu. Kwa fundi umeme wa malori, shati safi ni maajabu.

Sikumtaka. Hapunguzi bei, na mtu asiyepunguza bei kwangu ni kama mlango usio na kitasa. Mimi nilianza kwa kuokota magunia matupu na kuyauza, nikapanda kidogo kidogo hadi kununua lori la dizeli ambalo kwa umri wake lilistahili kuamkiwa shikamoo. Kila kitu nilichonacho nimekipata kwa mdomo.

Aliyemleta ni dada yangu. Mumewe ndiye dereva wangu, na nilikuwa nimeshaamua kumfukuza. Ndani ya wiki moja taa zilimzimikia mara mbili kwenye mteremko, na mara ya tatu lori likagoma kuwaka uani kwa mteja, mzigo mgongoni. Nikamsema mbele ya wapakiaji: unalala na redio, unaniulia betri, andaa funguo. Kesho yake dada akaja kwangu, hata kiti hakukitaka.

“Ukimtoa kazini, wanangu utawalea wewe. Na si kwa maneno.”

“Basi lete fundi atakayenionyesha kwamba kosa si la mumeo.”

Ndivyo Kinyaa alivyoingia uani kwangu, sanduku mkononi, uso umekunjamana kama aliyenusa mzoga. Hakugusa kitu. Alimpandisha shemeji kwenye kiti cha dereva, akamwambia aeleze lori linavyougua. Nilipoanza kujibu mimi, akanikata.

“Bosi, unaendesha wewe?”

“Hapana, lakini lori ni—”

“Basi tuache tulio kazini.”

Shemeji akakohoa. “Nikikanyaga breki, taa za mbele zinafifia. Nikiwasha indiketa ya kulia, ya kushoto nayo inapepesa. Halafu juzi, napiga starta, ile kebo ya kuvuta kuzimia injini ikaniunguza kidole.”

Nilicheka. Wapakiaji waliokaa juu ya magunia wakacheka kunifuata. “Ulishika sigara, mzee!” mmoja akapaza sauti.

Kinyaa hakucheka. “Hiyo ya kidole, rudia.”

Shemeji akarudia. Ndipo fundi akafungua dashibodi, na harufu ya mkojo wa panya ikatupiga wote puani.

“Kinyaa!”

Sikuwa nimewahi kuchungulia humo. Nyaya zilikuwa zimesokotana kama utumbo wa mbuzi. Kiungo kimoja kimefungwa kwa mfuko wa nailoni, kingine kwa plasta ya kidonda. Waya mwembamba wa spika ulikuwa umebebeshwa taa kubwa za mbele, ngozi yake imeyeyuka na kugandia chuma. Na pale inapokaa fyuzi, kulikuwa na msumari.

“Nani kaweka msumari?”

Shemeji alitazama usukani. “Fundi aliyeletwa na bosi. Yule wa bei nafuu.”

“Fyuzi kazi yake ni kufa ili gari lipone,” Kinyaa alisema, akiung’oa kwa koleo. “Msumari haufi. Linakufa gari.”

Alilijua hilo kwa kuliona. Huku mikono ikikata viungo vibovu, alinisimulia bila kupamba kwamba ujanani, duka likiwa limefungwa, aliziba pengo la fyuzi kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Kichwa cha lori kiliungua mbele ya macho yake, na dereva akaponea dirishani. Aliacha ufundi miaka miwili, akalima. Aliporudi, alirudi na fyuzi zimejaa mfuko wa shati, kama karani na kalamu zake. Baadaye dada alinichekesha: wakwe wa fundi huyu wakisikia anakuja, huficha waya wa kuunganishia televisheni, maana hatagusa chakula kabla ya kuukagua.

Alipokwisha kuunga nyaya mpya na kutia fyuzi palipokuwa na msumari, nilidhani tumemaliza. Nilishaanza hata kupanga maneno ya kuwagawia lawama shemeji na panya.

“Uchafu huu unatapisha,” akasema, “ila sio uliomuunguza kidole.”

Alitoa balbu ndogo yenye mikia miwili ya waya. Mkia mmoja akaugusisha kwenye kichwa hasi cha betri, wa pili kwenye chuma kitupu cha injini.

“Dereva, piga starta. Balbu ikibaki imekufa, njia ya umeme kurudi kwenye betri ni nzima.”

Starta ikakoroma. Balbu ikawaka.

“Umeona? Njia ya umeme imezibwa. Kwa hiyo unapenya popote unapopata chuma, hata kwenye kebo ya kuzimia. Betri haichajiki sawasawa, taa zinanyang’anyana umeme. Huyu bwana hakulala na redio.”

 Kinyaa akaingia uvunguni, akafungua waya mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chasi, akatoka na ganda la rangi ya bluu kwenye ncha ya kisu.

“Waya umefungwa juu ya rangi. Umeme haupiti kwenye rangi. Nani alipaka?”

Shemeji alijua. Angeweza kunitaja, akaangalia viatu vyake. Nami nilikumbuka vizuri: miezi mitatu nyuma, nikitaka zabuni kwa watu waliopenda malori ya kupendeza, niliwabana wapaka rangi kazi ya siku tatu waifanye kwa siku moja. Niliwasimamia mwenyewe, nikipiga makofi: haraka, haraka. Waya waliurudisha rangi ikiwa mbichi, mimi nikiona.

“Mimi,” nikasema.

“Kinyaa,” akasema fundi. Safari hii hakuwa akitazama nyaya.

Alikwangua kwa msasa hadi chuma kikameta, akafunga waya, akapaka grisi. Starta ikazunguka kama ya lori jipya. Balbu haikuwaka. Shemeji akakanyaga breki. Taa za mbele hazikutikisika.

Kisha shemeji akaninyooshea mkono dirishani. “Ulisema niandae funguo. Haya, injini ikishazimwa ni zako.”

Nilielewa anataka nini, na mbele ya nani.

“Kosa ni langu,” nikasema. “Betri hukuiua wewe.”

“Huku juu hatujasikia!” akapiga kelele yule wa sigara.

Nikarudia, kwa sauti ya kutangazia mnada.

Shemeji hakutabasamu. “Nitaendesha. Ila kuanzia leo fundi wa lori hili namchagua mimi.”

Nikafungua mdomo. “Wa umeme, sawa. Wa matairi na breki niachie.”

Akazima injini, akafungua mlango, akaweka mguu mmoja chini.

“Haya,” nikasema. “Na matairi. Na breki.”