Headphone zangu za bass zilivyompeleka Odeta Kagunga badala ya Katonga

Wakuu, mwakeye. Ndivyo tulivyokuwa tunasalimiana asubuhi kule Kigoma, na mimi Mgogo wa watu nilizoea hivyo hivyo.

Nimepita kwenye ule uzi wa "headphone gani kali", nimesoma kurasa zote na nimechoka. Kila anayechangia ni bass, bass, bass. Mmoja anajisifu kwamba zake zinapiga mpaka meno yanacheza.

Mkuu, meno yakicheza nenda hospitali. Usije humu kushauri watu.

Nina kisa. Ni changu, sikuhadithiwa, na kwa kuwa kinanitia aibu mwenyewe sina haja ya kukiongezea chumvi. Kama humu yupo aliyeishi Buzebazeba miaka ile ya wakimbizi na ananifahamu, aje anisute pale nitakapokosea.

Twende.

Nilikuwa kijana, mpima ardhi wa serikali, nimepangiwa Kigoma. Nilipanga chumba pale Buzebazeba kwa Mzee Sadiki, mwenyeji wa Ujiji wa enzi na enzi, mtu wa maneno machache na yote yanauma.

Mali yangu kubwa ilikuwa wokimani, ile mashine ya kaseti ya mfukoni, na headphone zake. Siyo vile vidude vya waya mwembamba na kisponji chepesi. Zangu zilikuwa kubwa, nyeusi, zenye sponji nene inayofunika sikio lote. Mashine ilikuwa na kitufe cha kuongeza bass na mimi sikuwahi kukizima hata siku moja. Nilidhani anayekizima ana matatizo.

Nilikuwa na nyodo, wakuu. Nilidharau redio za watu. Redio kaseti ya Mzee Sadiki, yenye spika moja, niliiita mbu. Alikuwa akifungulia taarifa ya habari, mimi navaa mambo yangu mbele yake makusudi, natikisa kichwa.

Na headphone zangu hazikuvaliwa na mtu. Mwiko. Ungeniomba shati ningekupa.

Sasa pale nyumbani alikuwepo Odeta. Alivuka ziwa kutoka Kongo na kundi la watu wa kwao, mke wa Mzee akampokea, akawa anaishi nasi na kusaidia jikoni. Yeye na mama yake walipotezana siku ya kukimbia. Odeta alipanda boti moja, mama akabaki ufukweni akisubiri nyingine. Miezi ikapita. Kila ukisikia boti imefika na watu, Odeta anafunga kitenge na kwenda kuangalia sura. Anarudi, anaendelea kupika.

Siku moja ikaja kaseti.

Wasiokuwepo hawatajua. Watu wengi waliovuka hawakuandika barua, walirekodi kaseti wakaipa mtu, naye akampa mtu. Hii ilikuwa imepita mikono mingi. Mchuuzi wa dagaa aliyeileta alijua jina la Odeta tu. Nani aliirekodi, imetokea wapi, hajui.

Odeta akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa katikati ya kupika, viganja vyekundu kwa mawese. Akasema anaipeleka kwa Mzee, kwenye redio.

Nani akadakia? Mimi.

Nikamwambia ile redio itatafuna mkanda wote, kaseti kama hiyo inataka mashine ya maana. Akafurahi. Nikaweka kaseti, nikavaa headphone, nikakaa kwenye kibaraza kama daktari.

Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, upepo nyuma yake, injini ya boti nyuma ya upepo. Nilipomwambia ni mwanamke na anamtaja yeye, Odeta akapiga magoti pale pale. Akaninyooshea mikono.

"Kaka, unipatie na miye nisikie. Ni mama yangu."

Nikatazama yale mawese kwenye vidole vyake, nikatazama sponji zangu.

Nikamwambia atulie, nitasikiliza mimi nimweleze.

Someni tena hapo, wakuu. Mtu anaomba kusikia sauti ya mama yake ambaye hajui kama yu hai, na mimi nalinda sponji.

Nikasikiliza mara mbili, nikatoa hukumu. Mama mzima, amevuka, miguu inamsumbua, amepokewa na mwanamke wa samaki, wanasema watapelekwa kambini, kwa hiyo umfuate haraka. Yuko Kagunga.

Odeta akauliza, "Kagunga, kweli?" Nikamjibu kwa mashine hii hata mtu akimeza mate nasikia.

Kwa wasioijua Kigoma: Kagunga iko juu kabisa kaskazini, mpakani na Burundi, unakwenda kwa boti kutokea Kibirizi. Kesho yake alfajiri Odeta akaondoka, kaseti akaniachia mimi nimtunzie.

Ziwa likachafuka, boti zikakwama. Alirudi siku ya sita. Alikuwa amezunguka Kagunga nyumba kwa nyumba akiita jina la mama yake, mpaka watu wakamwonea huruma na wengine wakamwona amerukwa na akili. Hakuna mwanamke wa samaki aliyempokea mama huyo. Hakuna aliyemwona.

Mimi bado sikujishuku hata kidogo! Nikasema labda wamemhamisha. Nikamrudishia kaseti yake nikaenda kazini.

Jioni narudi, nakuta uani watu wamekusanyika kimya. Mzee Sadiki ameweka ile kaseti kwenye mbu wake. Spika ile haikuwa na bass hata ya dawa, sauti nyembamba inakwaruza. Lakini maneno yalitoka moja moja, kama mtu anachambua mchele.

"Odeta, miye mama yako. Niko huku Katonga. Katonga, mwanangu. Banasema batatupeleka ku kambi. Ukuye mbio, miguu yangu imekatala."

Katonga! Mwalo wa samaki, pale mitumbwi inaposhusha, hapo hapo jirani na mji. Mtu anakwenda kununua migebuka na kurudi kabla ugali haujapoa.

Ngoja niwaeleze kilichotokea kitaalamu, enyi waabudu bass. Herufi kama t inakaa juu, kwenye treble. Ukijaza mngurumo chini, t inakufa, o inazama inakuwa u, na injini ya boti inaongezwa ujazo bure. Katonga ikaniingia Kagunga. Na kwa vile nilikuwa na uhakika, mara ya pili nikasikia kile kile nilichotaka kusikia.

Mzee Sadiki akanigeukia mbele ya watu wote.

"Bwana mpima, hayo makopo ya masikioni yanakusaidia nini?"

Nikayavua shingoni.

Mimi na Odeta tulikwenda Katonga usiku haujaingia vizuri. Mwanamke wa samaki tulimpata, anakusanya dagaa zake. Akasema bibi alikaa kwake, kila mchana anaburuta miguu mpaka barabarani kutazama anayekuja. Lori la kambini lilikuja mara mbili, akakataa kupanda, anasema mwanangu ananifuata. Mara ya tatu akapanda mwenyewe bila kuambiwa.

Lini? Juzi.

Niliomba ruhusa kazini, nikampeleka Odeta kwa basi la Kasulu. Njia nzima, Kidahwe tukapita, vumbi linaingia, hakunilaumu kwa neno moja. Afadhali angenitukana.

Kambini karani akatafuta jina kwenye daftari, akalipata, kisha akamtazama Odeta kwa mashaka. Bibi aliulizwa wakati wa kuandikishwa kama ana ndugu upande huu. Alijibu hana mtu. Kwa hiyo wewe unayejiita mtoto wake ni nani?

Tulikaa pale siku mbili kuthibitisha kwamba Odeta ni mtoto wa mama yake.

Hatimaye wakamleta, ameegemea fimbo. Hakukimbia, hakulia. Alisimama hatua chache mbele ya binti yake.

"Nilikuita, Odeta. Ukanyamaza."

Odeta akapiga magoti kwenye vumbi akamshika miguu. "Sikusikia, mama. Unisamehe, sikusikia."

Mimi niliyesikia nilikuwa nimesimama nyuma yake, na sikufungua mdomo.

Ndiyo hivyo wakuu. Msitegemee niwaambie nilizivunja zile headphone kwa uchungu. Nilizitumia mwaka mwingine mzima, ila kile kitufe nilikizima.

Funzo kwa wanaonunua. Muuzaji atakuwekea wimbo wenye ngoma nzito ili akuibie akili. Mwambie atoe. Mwambie aweke mtu anaongea, ikiwezekana mzee, ikiwezekana kwenye upepo. Ukishindwa kutofautisha maneno, mrudishie makopo yake, hata kama yana jina kubwa na boksi linang'aa.

Na la pili, ambalo halihusu mashine. Sauti ya mama wa mtu haisikilizwi kwa niaba. Mvalishe mwenyewe, hata kama mikono ina mawese.

Karibuni kwenye comments. Wanaotaka kunitukana watukane tu, nimechelewa kutukanwa. Ila wewe wa meno kucheza, niambie kwanza: mara ya mwisho mama yako alipokupigia simu, alisema nini?