Komeo la Bi Marcelina

"Nyumba yangu ikishika moto, zimamoto watakuja na kandambili!"

Skolastika, fundi cherehani wa Mwanga, aliyasema hayo mbele ya kikoba kizima, mkono kiunoni, na akina mama wakampigia vigelegele kana kwamba kapata mchumba.

Wala hakudanganya. Kati ya nyumba yake na kituo cha zimamoto palikuwa na ua wa michongoma tu. Umeme ukikatika, jenereta la kituo lilimchajia simu. Bomba likikauka, Hamdani, zimamoto kijana mwenye mdomo mrefu kuliko mpira wa maji, alimjazia ndoo. Wezi waliukwepa mtaa ule kama dimbwi.

Alihamia pale kwa ajili ya mama yake. Bi Marcelina alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, Skolastika akiwa mgongoni. Sasa miguu ilikuwa imegoma, akitembea ni kwa kushika ukuta. Skolastika aliona bora kukaa mahali ambapo ukikohoa tu, msaada unasikia.

King'ora hakukifikiria.

Mwaka 2015 wakimbizi walianza tena kushushwa ufukweni kwa maelfu, kipindupindu kikazuka, na magari ya wagonjwa yakawa yanalala kituoni. King'ora kikawa hakina adabu: asubuhi, mchana, watu wakiwa na tonge mkononi. Kila kilipolia, Bi Marcelina aliacha alichoshika, akajikokota hadi chumba cha nyuma, akasukuma komeo.

"Baraje," alinong'ona kwa Kirundi. Wamekuja.

"Mama, ni gari la wagonjwa. Fungua."

Kimya.

"Mama, ni mimi Skola."

Akija kufungua, jua limeshahama ukuta.

"Mbona hunijibu, mama?"

"Mwaka ule askari walimleta Feliksi, jirani yetu, atuite. Alituita kwa majina, mwanangu, tena kwa upole. Walioitika wamebaki kule."

Siku moja Skolastika aliling'oa lile komeo. Mama yake hakulala. Alikaa nyuma ya mlango na mchi mapajani mpaka kukakucha, na komeo likarudishwa. Tangu hapo Skolastika naye akaanza kukiogopa king'ora. Kikilia tu, anasimamisha cherehani, anasikiliza chuma kikisukumwa.

"Shangazi," Hamdani alimletea suruali siku moja, "hii umenishonea mimi peke yangu, au mguu mmoja ni wa kaka yangu?"

Skolastika alicheka. Moyoni hakucheka.

Jumamosi moja mchana alitoka mara moja kununua uzi, akaacha pasi ya mkaa mezani. Upepo wa ziwani ukaingia dirishani, cheche ikaangukia gunia la vipande vya vitambaa. Aliporudi, moshi mweusi ulikuwa unatoka kwa haraka. Mama yake alikuwa amelala chumba cha nyuma, mlango wazi. Skolastika akapiga yowe kuelekea kituoni.

Hamdani alikuja mbio na shoka begani. Na kandambili. Kandambili kweli, moja ikanasa kwenye michongoma. Upande wa pili Pastory, dereva, aliwasha gari, na kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye king'ora.

"Usipige! Pastory, usikipige hicho!"

Kikalia.

Mlio ule ulifunika kila kitu. Hata hivyo Skolastika alilisikia komeo ndani ya mifupa yake. Akajiziba pua kwa khanga, akaingia, Hamdani nyuma yake. Mlango wa mama ulikuwa umefungwa.

"Mama! Ni mimi Skola! Fungua, mama yangu!"

Akajisikia anavyoita: kwa upole, kama Feliksi.

"Bibi, toka, sisi ni watu wa msaada!" Hamdani alibweka.

"Usimwite," Skolastika alisema. "Vunja."

Shoka lilipogonga, ndani ikatoka sauti ya kikongwe akiomba kwa Kirundi. Alikuwa anawataja watoto wake mmoja mmoja, Skola wa mwisho, akiapa kwamba hawamo. Mlango ukapasuka. Alichokiona Bi Marcelina ni mwanaume mwenye shoka ndani ya moshi. Alipobebwa, meno manne aliyobakiwa nayo yote yalifanya kazi begani kwa Hamdani.

Moto ulizimwa upesi. Ulichukua cherehani, meza na sare za shule za watu. Kikoba kikaja kutoa pole.

"Ila kandambili walikuja nazo, mwenzetu," mmoja alisema. Hakuna aliyecheka.

Hamdani alipigilia mbao mpya mlangoni. "Shangazi, komeo usiweke tena. Nakuomba."

Bi Marcelina hakumla Hamdani tena, wala hakula chakula. Alitamka neno moja tu: "Komeo."

Kesho yake asubuhi king'ora kikalia. Alijikokota hadi mlangoni, akaugeuzia mgongo, akausukuma kwa mwili wake wote. Skolastika alimsikia kwa upande wa pili akihema. Hakumwita. Alijifunga khanga, akaenda sokoni.

Komeo la chuma pale Mwanga, pamoja na misumari yake, ni shilingi elfu nne.