Nilivyomtunza Tito Jukwaani

Nimechoka, ndugu zangu, ila bora mlisikie kwangu kabla hamjalisikia mtaani.

Bendi ya Tito nimeipenda tangu inapiga kwenye harusi za Mgololo, jenereta likizima wanaendelea kwa ngoma na sauti tupu. Sasa wamevuma nchi nzima, na ofisini kwetu Iringa kila mtu shabiki. Nikawa nawachosha wenzangu: "Nyie mmewajua juzi kwenye simu. Hawa wanaimba wenyewe, siyo hao wenu wanaofungulia CD."

Jumamosi walikuja kupiga uwanjani, tukaenda karibu ofisi nzima. Ulipofika wimbo wangu, Anitha wa masjala akanisukuma: "Si mtu wako huyo? Nenda basi ukamtunze!"

Nikapanda jukwaani. Nilifanya kama zamani harusini, nikacheza hadi mbele ya Tito nikambandika noti kwenye paji la uso. Enzi zile angenitaja jina watu wakashangilia. Safari hii alishtuka, maiki ikamponyoka, ikaanguka.

Wimbo ukaendelea. Sauti yake ilikuwa tamu vilevile, inapanda, inashuka, na mwenyewe amefumba mdomo, noti yangu imemganda kwa jasho.

Mabaunsa wakanishika mikono, na Tito akanitazama usoni, akanitambua.

"Kaka Lukas," akaninong'oneza, "si ungechezea tu huko chini?"

Na kwenye spika bado alikuwa anaimba.