Mahindi Hayakutoka Uhindini

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, katika mtaa wa Al Ras hapa Dubai. Na kabla sijaisimulia, mwanangu, niruhusu nitenge mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, au niliyoyasikia kutoka kinywani mwa mwenyewe. Hayo nitayasema bila kusita. Fungu la pili ni yale yaliyonifikia kwa kupita midomo ya watu; hayo nitakuambia kuwa ni ya midomo, nawe utayapima. Wahenga wamesema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nawaheshimu wahenga, lakini katika hili sikubaliani nao. Nimeishi umri mrefu nikiyangoja mengi yaliyosemwa, nayo hayajaja hata leo.

Ilikuwa katikati ya muongo uliopita, Ijumaa ikiwa bado ndiyo siku yetu kamili ya mapumziko. Jirani yangu Bi Shirini, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, alikuwa ameolewa na mtu wa Kachi, huko Gujarat, nao wakahamia hapa. Binti yao Nafisa alirithi pasipoti ya India kwa babake na Kiswahili kwa mamake. Alikuwa karani wa kampuni ya mizigo kule katika eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, mchana kutwa akifuatilia makontena na kumjibu madam wake, na kila alipopata upenyo akisoma historia ya India.

Hakuisoma kwa kujifurahisha. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa utumishi wa serikali ya India, ule ambao watu wengi mno huuingia na wachache mno hutoka wakiwa na kazi mkononi. Kwanza huja maswali ya kuchagua jibu, ambamo ukibahatisha ukakosea hukatwa alama, kisha insha, kisha usaili mbele ya jopo. Nafisa alikuwa ameshavuka hatua ya kwanza na kuangukia kwenye insha, tena zaidi ya mara moja. Sasa umri ulikuwa unamfungia mlango. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na babake alikuwa amesema wazi kwamba akishindwa, vitabu vifungwe na maneno ya mtihani yaishe nyumbani mwake.

Kwa kuwa nilisomesha historia maisha yangu yote, Unguja na kisha hapa, Nafisa alikuwa akiniletea insha zake kila Ijumaa. Siku hiyo aliingia akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Leo nimeleta dhahabu. Hii hakuna mtahiniwa mwingine India nzima atakayekuwa nayo."

Insha ilihusu kilimo cha India ya kale. Nilisoma habari za ngano na shayiri katika miji ya kale ya Bonde la Indus, nikaridhika. Kisha nikaifikia dhahabu yenyewe. Alikuwa ameandika kwamba mahindi nayo yalilimwa India tangu enzi za miji hiyo, yakavushwa hadi pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba ushahidi umehifadhiwa katika lugha ya Kiswahili, ambayo hadi leo huiita nafaka hiyo kwa jina la Wahindi.

"Nani alikuambia?" nilimuuliza.

"Jina lenyewe, Babu. Mahindi. Ya Kihindi. Na kwenye kundi letu la masomo kwenye simu wamekubali, wote."

"Katika hao wote, yuko aliyeyaona yakipandwa?"

Aliinamia aya yake, akaisoma upya.

"Mahindi ni mmea wa Amerika," nilisema. "Yalivuka bahari baada ya Wazungu kufika huko, na miji hiyo unayoiandika ilikuwa imeshafukiwa na udongo zamani sana. Msahihishaji akiifikia sentensi hii, hatakuamini tena hata pale ulipoandika kweli. Futa."

"Nifute yote?"

"Aya nzima."

Alizikusanya karatasi zake polepole. "Wenzangu wana walimu wa kulipwa, Babu. Wana maktaba, wana Delhi. Mimi nina lugha ya mama yangu tu. Hiyo nayo umeniondolea. Khalas, basi." Akaondoka, chai yake haijaguswa.

Siku mbili baadaye mamake alinijia mlangoni. Bi Shirini si mtu wa kuzunguka.

"Mwalimu, mwanangu umemwambiani? Kitabu hashiki, chakula hashiki. Babake ameshaanza kufurahi."

"Nimemwambia kweli, Bi Shirini."

"Kweli waishika kama rungu, Mwalimu. Mgonjwa hapigwi dawa, hunyweshwa."

Maneno hayo yalinirudisha Unguja, mwanangu, nikiwa kijana wa skuli. Tulikuwa na mwalimu mmoja mkavu kama ukuni, aliyetuwekea sharti ambalo sijalikuta kwingine. Hakuna aliyeruhusiwa kujibu swali bila kutanguliza moja ya maneno matatu: nimeona, nimesoma, au nimesikia. Aliyeanza kwa "nimesikia" hakuadhibiwa, ila jibu lake liliandikwa pembeni mwa ubao, likangoja shahidi. Majibu mengine yalikaa pembeni hapo mpaka tukafunga skuli, yakafutwa bila ya kupata wa kuyatetea.

Basi siku moja mwenzangu wa dawati, mtoto wa mkulima wa karafuu, alisimama akasema kwamba karafuu ni mti wa Unguja na Pemba tangu dunia kuumbwa. Mwalimu akamuuliza: umeona, umesoma, au umesikia? Akajibu kuwa kaambiwa na babake. Mwalimu akamweleza kwamba miche ya karafuu ililetwa kwetu kutoka visiwa vya mbali vya mashariki, tena si zamani kiasi hicho. Darasa zima likaangua kicheko. Mwenzangu akakaa, akaweka kichwa juu ya dawati.

Mwalimu alitugeukia. "Mnacheka nini? Mwenzenu nimemvunjia nyumba mbele ya macho yenu. Mwalimu anayebomoa kisha akaenda zake kula hana tofauti na mwalimu anayedanganya." Akamwagiza aende kwa babake, arudi na yale ambayo mzee ameyafanya kwa mikono yake. Kesho yake yule kijana alizungumza kipindi kizima: namna ya kupanda mkarafuu bila ya kuvunja matawi, namna ya kuchambua vikonyo, namna ya kunusa karafuu ukajua imekauka au bado. Kila sentensi aliianza kwa "nimeona". Hapana aliyecheka.

Kwa Nafisa nilikuwa nimefanya nusu ya kazi ya mwalimu yule. Nilimwomba Bi Shirini aniletee binti Ijumaa inayofuata, lakini asije na insha. Alikuja, kwa adabu, bila ya tabasamu. Nilimwambia tunakwenda kununua viungo.

Katika soko la Al Ras kuna muuza viungo aitwaye Juma, mtu wa Kachi aliyepata kuishi Mombasa, na ulimi wake haujapoa tangu huko.

"Mwalimu! Leo umekuja kununua au kusahihisha bei?"

"Nimekuja kuuliza. Gunia hili ni la nini?"

"La bisi. Mahindi makavu, kwani umezeeka kiasi hicho?"

"Nyumbani kwenu Kachi mwayaitaje?"

"Makai."

Nilimgeukia Nafisa. "Babako naye huyaita hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi bila shaka yametoka Makka."

"Astaghfirullah!" Juma alidakia. "Makka milima mitupu, yatalimwa wapi?"

Pembeni yetu alikuwapo mama mmoja wa Kimisri akichagua maua makavu ya rozela. Nilimwomba radhi, nikamuuliza kwa Kiarabu kwao nafaka ile huitwaje. Akasema ni dura shami, yaani nafaka ya Sham, kule Syria. Nilimuuliza kama watu wa Sham ndio waliowaletea. Akacheka. "Mimi kazi yangu kuipika, ewe haji. Wa kuniletea sikumwona." Nikamwambia nimesoma kwamba Waturuki nao huita nafaka hiyo kwa jina la Misri. Mama yule akaweka mkono kifuani. "Sisi? Wallahi wanatusingizia!"

Ndipo Nafisa alipocheka, na alicheka kwa kushindwa kujizuia. "Babu, kila mtu anamsingizia jirani yake!"

"Umesema wewe, sikusema mimi. Jina halituambii kitu kilizaliwa wapi. Hutuambia waliokitaja walidhani kimetoka kwa nani. Sasa fikiri. Wazee wa mamako kule pwani waliiona nafaka ngeni, wakaiita ya Wahindi. Kwa nini?"

Alisimama kati ya magunia, watu wakimpita kulia na kushoto, hamali mmoja na mkokoteni wake akimpigia kelele, "Yalla, dada, yalla!" Hakusogea.

"Labda kwa sababu mgeni waliyemzoea zaidi ni Mhindi," alisema. "Kitu kikiingia kutoka ng'ambo, jina la kwanza kuwajia midomoni ni lake. Kwa hiyo neno si ushahidi wa shamba. Ni ushahidi wa biashara."

"Hilo unalijua, au unalikisia?"

"Nakisia."

"Basi andika kwamba unakisia, kisha ueleze kwa nini. Hapo Kiswahili chako kitakuwa na kazi, na hakuna atakayekunyang'anya."

Akainama, akachukua pande la ukwaju kutoka kwenye kikapu cha Juma. "Na huu, Babu? Waarabu huuita tamri hindi, tende ya India."

"Wataalamu wa mimea wanasema asili yake ni Afrika. Nimesoma tu. Mti wa kwanza sikuuona."

"Maana yake tulichokiita sisi cha Wahindi si chao, na Waarabu wanachokiita cha Wahindi ni chetu!"

"Basi kama ni wenu," Juma alisema, "bei nipunguze mimi au mniongezee nyinyi?"

Insha aliyoniletea baada ya hapo niliisoma mara mbili, na sikuweka alama nyekundu. Aya ya mahindi ilikuwa imerudi, sasa ikiwa na mahindi, makai, nafaka ya Sham na ukwaju ndani yake, na kila jambo likiwa limetajwa limetoka kwa nani. Alipokwenda India kufanya mtihani alinipigia simu mwenyewe baada ya karatasi ya historia. Akaniambia: "Babu, swali la biashara ya baharini lilikuja. Nimeandika aya yangu. Penye kukisia, nimeandika kwamba nakisia." Wasahihishaji waliipa aya ile uzito gani, yeye hakujua, wala mimi sijui.

Alivuka insha, akaitwa kwenye usaili, na matokeo ya mwisho yalipotoka, maneno ya mtaa yalinifikia kabla yake. Nafisa amekuwa mkuu wa wilaya! Amepewa nyumba yenye walinzi! Mwengine akaongeza gari lenye bendera. Babake, yule yule wa kufunga vitabu, alikuwa akigawa halwa mlango kwa mlango. Yangu niliipokea kwa shukrani nikaifunika kwa sahani.

"Kula, Mwalimu," Bi Shirini alisema. "Halwa haina uongo."

"Halwa haina. Habari iliyokuja nayo ndiyo ninayoingoja."

Habari ilikuja kwa miguu ya Nafisa mwenyewe juma lililofuata.

"Shikamoo, Babu. Si mkuu wa wilaya."

"Marahaba. Ni nini?"

"Alama zangu hazikufika huko. Nimepangiwa idara ya forodha. Nimelisoma mwenyewe jina langu kwenye orodha, na la baba."

"Na umeridhika?"

"Nimeridhika sana. Nitakuwa bandarini, nikiuliza kila mzigo umetoka wapi."

Tukala halwa.

Mwanangu, unayesoma kwa ajili ya mtihani wowote, wa India au wa kwenu, sikiliza. Siku hizi elimu inakufikia ukiwa umelala kitandani. Simu inalia, na jambo limeshakuwa kweli kwa sababu watu mia wameliafiki. Kusikia si kuona. Kabla hujaliandika jambo, liulize limetoka kwa nani, na yule alilipata wapi, uende nyuma hadi ufike kwa aliyekuwapo. Ukikuta njia imekatika, sema imekatika. Hakuna aibu katika neno "nakisia", aibu ni kulivika nguo za "najua". Jihadhari zaidi na yale yanayokupendeza, yanayosifu kabila lako, lugha yako au nchi yako, maana hayo hatuyaombi ushahidi. Lakini usitupe lugha ya mama yako kwa kuwa siku moja imekupoteza. Iulize swali linalostahili, itakujibu. Na ukipata wa kumfunza, ukamvunjia alichokuwa akikiamini, usiondoke mpaka umemsaidia kusimamisha kingine.

Mwenyezi Mungu akufungulie ulilofungiwa, akupe jicho la kutambua na ulimi usiotangulia jicho. Akulinde na sifa usizozistahili, na zile unazozistahili akupe moyo wa kuzibeba. Wazazi wako wacheke kwa ajili yako wakiwa hai.

Kuhusu namna Nafisa anavyoifanya kazi yake huko bandarini, nimeambiwa mengi mazuri, na yote ni ya midomo. Ninachoweza kukiapia ni kwamba asubuhi ya safari yake sanduku lilikataa kufungika kwa wingi wa vitabu, babake akalikalia, nami nikalizungushia kamba na kupiga fundo.