Mzizi wa Jumapili ya Pushya

Dhapubai alipozaliwa, wazazi wake walikuwa tayari na mabinti wanne, wakampa jina ambalo kwetu Malwa, huku India, maana yake ni "tumeshiba". Hakuna aliyemwomba radhi. Amelibeba mpaka uzeeni, akikata mabua ya vitunguu saumu kwa ujira, vidole vikinuka hata kwenye harusi za watu.

Alizaa mara moja tu, mtoto wa kike, Jumapili, mwezi ukiwa kwenye nyota ya Pushya. Jumapili ikikutana na Pushya, kwetu hata mchoyo hununua dhahabu. Pandit, kuhani wetu, alikula, akapokea nguo, akasema mtoto huyu ataleta neema. Mtoto hakufikisha mwezi mmoja. Wafu wetu tunawachoma, lakini wachanga tunawazika. Mumewe akamzika ukingoni mwa kijito, akaweka miiba juu ili mbweha wasifukue. Baadaye Dhapubai alinionyesha mahali, mimi jirani yake peke yangu. Pakaota kichaka cha aak, mmea wa porini wenye utomvu, ya maua meupe, ile adimu.

Mwaka jana, Jumamosi jioni, alinijia mbio.

"Mdogo wangu, kile kichaka wamekifunga uzi mwekundu. Wameweka na mchele wa manjano."

Hakuhitaji kuniambia zaidi. Mzizi wa aak nyeupe hualikwa hivyo jioni. Kesho yake, Jumapili ya Pushya, huchimbwa bila wachimbaji kutamka neno, ukachongwa sanamu ya mungu Ganesh ya kuvuta mali.

Mimi siidharau kalenda. Niliolewa kwa siku iliyotafutwa, na nyumba yangu imesimama. Ninaowadharau ni wale wanaotazama nyota huku wamewakanyaga watu.

Asubuhi tulikuwa pale kabla yao. Akaja Ghisulal, tajiri wa duka la vitambaa, ametoka kuoga, mdomo umefungwa, na kibarua wake ana jembe. Dhapubai alikuwa ameketi kwenye shina.

"Seth, tajiri wetu, umekuwa bubu? Juzi dukani ulinifokea kwa kugusa kitambaa, leo sauti imekwenda wapi?"

Ghisulal akapunga mkono: ondoka.

"Simwelewi huyu. Mdogo wangu, wewe unamwelewa?"

"Labda anafukuza nzi," nikasema.

Ghisulal akamsukuma kibarua. Kibarua akainua jembe. Dhapubai akanyoosha mguu wake juu ya mzizi.

"Anza na huu. Ukiumaliza, chini utamkuta binti yangu. Amezikwa hapa."

Jembe likamponyoka kibarua. Ghisulal akaruka nyuma.

"Kaburi! Mama wewe, kwa nini hukusema jana? Umeniharibia siku! Nyota kama hii nitaipata lini tena? Mwanangu anafungua duka!"

Hakuuliza ni mtoto gani. Hakusema pole. Alikimbia kwenda kuoga upya, kuondoa najisi ya kaburi, kibarua nyuma yake.

Nikacheka, nikidhani tumeshinda. Dhapubai hakucheka.

"Miaka yote hii sijamtaja mbele za watu," akasema. "Leo nimemtaja, na wa kumsikia amekuwa yule."

 Nililiokota jembe la Ghisulal, zuri, la mpini mpya, nikalitupa katikati ya kijito kwa nguvu zangu zote. Akilitaka, aje anidai mimi. Nyumbani kwangu anapajua.