Mchezo Uliojua Kungoja

Nilipomaliza darasa la nane nilikaa nyumbani, kwetu karibu na Masii, nikitamani jambo moja: kwenda chuo cha ufundi kujifunza kutengeneza redio na televisheni. Mwaitu, yaani mama yangu, kabla sijamwambia alisema mambo ya baada ya shule lazima kwanza tuyaongee na mjomba. Baba alikuwa ameshafariki, na kwetu neno kama hilo hutolewa na mwanamume. Basi nikawa namngoja mjomba. Siku za soko nilimbebea mama mboga, kisha nikaingia kibanda cha gemu.

Wengi pale walicheza mpira. Mimi nilicheza gemu ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, kwa sababu ilikuwa na maneno mengi kuliko vita. Ndani yake wewe ni msafiri katika nchi iliyokauka. Unakutana na watu, wanakuuliza maswali, na sehemu ya chini ya kioo cha televisheni yanatokea majibu kadhaa. Unachagua moja. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi na ninasoma polepole, lakini watu wa gemu hiyo hawakuchoka. Walisimama tu wakipepesa macho mpaka nimalize.

Waliochoka ni wale wa mpira.

"Huyu anacheza ama anafanya mtihani?"

"Mwache, bado anatafuta mahali pa kuandika jina."

"Boss, bonyeza kitu! Huyo mzee ameota mvi akikungoja."

Mzee waliyemsema alikuwa mlinzi wa kisima. Siku moja kijana mmoja alinipokonya padi ya kuchezea, akamjibu mzee kwa matusi na kuchomoa upanga. Tangu hapo kijiji kizima kilitufungia milango. Hata mtoto aliyeuza chumvi, mbali kabisa na pale, alisema amesikia habari zetu. Gemu haikusahau kitu. Ilibidi nianze upya.

Nilipofika tena kisimani, mzee akaniuliza ni nani aliyenituma. Nilichagua jibu la mwisho, lile la kunyamaza. Kisha akaanza kusimulia juu ya binti yake aliyezama mle, jambo ambalo hakumwambia yeyote aliyemjibu. Alipomaliza akasema, "Una kitu moyoni. Keti. Utakisema ukiwa tayari."

Sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu. Toka siku hiyo nilinyamaza kila mahali gemu iliponiruhusu, na kila mara ukimya ulinifungulia njia ambayo wenye maneno hawakuiona.

Mjomba alikuja Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa nimeitayarisha sentensi yangu tangu asubuhi, tena fupi: nataka kusoma ufundi. Mama alimimina chai. Mjomba akavuta kiti.

"Kijana, habari ya siku nyingi? Bado hauongei?"

"Nzuri, mjomba."

"Sasa sikiza. Niko na kazi huko Konza, kwa ranchi. Ng'ombe wanataka mtu mpole, na wewe ni mpole kuliko hao ng'ombe." Alicheka peke yake. "Utaanza wiki hii. Ama unasemaje?"

Sentensi yangu sikuitoa. Nilitazama kitambaa cha meza. Nilijua vizuri desturi yetu: kijana akiinama kimya mbele ya mkubwa, amekubali. Asiyekubali humtafuta shangazi au jirani mzee amsemee. Lakini nilikuwa nimekaa sana na yule mzee wa kisima. Niliamini nikinyamaza vya kutosha, mjomba angetambua kuwa nina kitu. Nilingoja aniulize mara ya pili.

Mjomba alikunywa chai.

"Huyu mtoto ana heshima," alimwambia mama. "Wa siku hizi wangekuwa washanibishia."

"Amefurahi," mama akasema. "Si unaona vile ametulia?"

Mama alitoka nje kumkamata kuku. Nilimsikia akimkimbiza nyuma ya jikoni huku akiimba wimbo wa kanisani. Nikawaza kwamba kuku akishachinjwa neno limekwisha, kwamba bado nina nafasi ndogo ya kusimama na kusema. Mjomba alikuwa mbele yangu, akichovya mkate. Kuku akapiga kelele, kisha akanyamaza.

Sasa niko Konza. Asubuhi nawatoa ng'ombe, jioni nawarudisha, na katikati ni nyasi na upepo. Wenzangu wananiita padri. Mama hupiga simu Jumapili, na huwa na furaha, kwa sababu mjomba humpa habari zangu.

"Anasema wewe haulalamiki hata siku moja," aliniambia juzi. "Nimewaambia hata kina mama wa kanisa, kazi hii mtoto wangu alijichagulia mwenyewe. Si ni hivyo?"

Ng'ombe mmoja alikuwa anaelekea kwenye seng'enge. Nilimwambia mama ni hivyo, nikaenda kumrudisha.